Sura ya Sita: Vizazi Kumi na Tisa

Mjukuu wangu alirudi nyumbani Jumanne saa nane mchana. Kwa mtu ambaye hutoka maabara jua likishazama, hiyo peke yake ilitosha kunifanya niweke chini sindano yangu ya kushonea. Alikuwa amekumbatia kizimba kimoja kilichofunikwa kitambaa cheupe. Akakiweka juu ya meza ya chakula taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia begani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Wamekufukuza?"

"Bado," akasema, na akakaa kwenye kiti bila kuvua mkoba.

Nikamvua mimi. Mabega yake yalikuwa yamekaza. Akanyoosha mkono, akaondoa kitambaa.

Kizimba kilikuwa kizuri, nami nilikijua, maana nilikuwepo kikimaliziwa. Mbao zimepigwa randa mpaka zinateleza, pembe zimekutana hata unywele haupenyi, wavu mwembamba umevutwa bila mkunjo. Ila kwenye sakafu yake palikuwa na vumbi jeusi, kama mtu amemwaga pilipili manga.

"Nini hicho?"

"Ni wao, Bibi."

"Wao akina nani?"

"Nyigu wangu. Nimekuja na hiki kimoja tu. Vyote sita viko hivi hivi."

Huyu mjukuu wangu nyumbani tunamwita Siafu. Alikuwa na miaka minne siku alipokaa kitako kando ya msafara wa siafu uani, wakampanda mpaka kiunoni. Alilia sana, lakini hakuondoka. Nilipomnyanyua na kuanza kuwabandua mmoja mmoja, alinigombeza kwa kwikwi kwamba nimemtoa kabla hajamwona wa mwisho. Watoto wengine wanakua wanaacha wadudu. Yeye alikua akaenda kuwasomea, shahada ya kwanza, na sasa alikuwa anamalizia ya pili.

Kazi yake alinieleza mara nyingi, akiwa ameshika mkono wangu ili nisisinzie. Kuna nondo anayetaga mayai kwenye majani ya mazao, na viwavi wakitoka wanamaliza shamba. Na kuna nyigu mdogo sana, hafiki hata punje ya mchanga, hana mwiba wa kumchoma mtu. Nyigu huyo anataga mayai yake ndani ya mayai ya yule nondo, na kiwavi hazaliwi tena. Shida ni joto. Msimu ukiwa mkali nyigu anakufa kabla hajafanya kazi yake. Basi Siafu alikuwa anatafuta wanaoliweza joto. Kila wiki mbili kizazi kipya: anawapasha, waliosalimika anawaachia wazae, watoto wao anawapasha tena, zaidi kidogo. Alikuwa amefika kizazi cha kumi na tisa. Miezi tisa kasoro siku chache. Nilipomwambia hiyo ni mimba kamili, alicheka mpaka chai ikampalia.

Vilikuwa vimebaki vizazi vitano tu aandike matokeo yake.

"Jana niliwahamishia kwenye vizimba vipya," akaniambia. "Vile vya zamani vilikuwa vimepasuka, wanatoroka. Niliwahamisha wote, Bibi. Sikubakiza hata mmoja. Nilitaka wakae pazuri." Akafuta pua kwa kiganja kama mtoto. "Leo asubuhi nimefungua mlango, kimya. Unajua wakiwa hai hawasikiki, ila unajua tu wapo. Leo nimejua hawapo."

"Pole, mama. Pole sana."

"Kitambaa hiki ni cha mlinzi wa getini. Ameniona ninavyotembea, akakivua shingoni, akaniambia nifunike, watu wasije wakaniuliza njiani."

Nikamwombea heri yule mlinzi. Lakini mikono yangu niliificha ndani ya khanga. Nilikwishajua ni nini kimewaua, kabla yeye hajasema.

"Ni mbao, Bibi. Zimepakwa kitu. Nimempigia simu, anakuja."

Aliyekuwa anakuja ni Fundi, seremala mwenye karakana mtaa wa pili. Kijana mrefu, unga wa mbao haumtoki kwenye nyusi. Walijuana mwaka uliopita, Siafu alipotaka masanduku bapa ya kuhifadhia wadudu waliokufa, wale wanaochomwa pini na kuandikiwa majina. Masanduku manne yakachukua miezi mitatu. Hakuna seremala mzuri anayechukua miezi mitatu kwa masanduku manne, wala hakuna mteja anayevumilia, kwa hiyo mimi nilielewa mapema. Siku moja alinikuta nimeshika ukuta nikipanda kizingiti cha mlangoni. Kesho yake akaja na ubao na misumari, akaniwekea pa kushikia, akaondoka bila hata kupiga hodi. Nikamwambia mjukuu wangu, "Huyu usipomtaka, nitamchukua mimi."

"Tutakuwa wake wenza basi."

"Sawa, lakini mke mkubwa ni mimi. Wewe utafua."

Siku hiyo ya Jumanne Fundi alikuja akitabasamu. Hilo ndilo lililoniumiza. Alidhani ameitwa kushukuriwa.

"Hodi wenyewe! Bibi, shikamoo. Vipi, vizimba vimekaa sawa?"

Siafu hakumkaribisha. "Ulipaka nini?"

"Wapi?"

"Kwenye mbao."

"Dawa ya mchwa," akasema, na tabasamu likaanza kuondoka pole pole. "Ile nzuri, kama kwenye yale masanduku ya mwanzo. Uliipenda."

"Ndani pia?"

"Ndani na nje. Mara mbili. Nikaanika siku nne mpaka harufu ikaisha kabisa."

"Harufu imeisha. Dawa haijaisha." Akamgeuzia kizimba. "Masanduku ya mwanzo yalikuwa ya waliokufa. Dawa inazuia wadudu wengine wasije kuwala. Hawa walikuwa hai. Nao ni wadudu! Dawa ya kuua wadudu, nyumba ya wadudu. Ulifikiri nini?"

Fundi aliinama akatazama lile vumbi. Alitazama muda mrefu.

"Wote?"

"Wote. Kumi na tisa. Vizazi kumi na tisa. Nani alikwambia upake ndani?"

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Fundi hakunitazama. Mtu yeyote angenitazama, hata kwa bahati mbaya, hata kwa pembe ya jicho. Yeye alikaza macho yake kwa Siafu.

"Hakuna aliyeniambia. Ni mimi mwenyewe."

"Na kuniuliza je? Simu huna?"

"Ninayo."

"Basi?"

Akarudisha kitambaa juu ya kizimba.

"Nenda," Siafu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hasira ndogo namna hiyo ndiyo mbaya. "Nenda, Fundi. Na usije tena hapa."

"Naomba tu..."

"Usije."

Akageuka. Bakora yangu ilikuwa imeanguka karibu na mlango. Yeye aliyefukuzwa, machozi yamemjaa, akainama akaiokota, akaiegemeza mahali ambapo mkono wangu unafika. Kisha akatoka.

Nami sikusema neno.

Sasa niseme nilichokijua. Wiki iliyotangulia nilipita karakanani kwake, akanipa kiti pembeni pasipo na vumbi. Vizimba vyote sita vilikuwa vimesimama tayari, na yeye ameshika kopo la dawa na brashi, anasitasita.

"Bibi," aliniambia, "yale ya mwanzo alitaka mwenyewe nipake. Lakini hivi ni vya walio hai. Nimuulize kwanza?"

Nami nikamjibu, kwa kinywa changu hiki, "Usimsumbue. Keshokutwa anasimama mbele ya maprofesa kujieleza, hata kula hali. Wewe paka, acha ikauke vizuri, umfurahishe."

"Na ndani?"

"Kazi ya nusu si kazi, mume wangu."

Akacheka, akachovya brashi. Mtu aliyetaka kuuliza, mimi ndiye niliyemzuia asiulize.

Ningeweza kusema siku ile ile. Nilifungua mdomo mara tatu. Lakini mjukuu wangu alinilalia mapajani akilia, na ukiwa umelaliwa mapajani na mtu anayekuona wewe ndiye kimbilio lake, ni vigumu kumwambia kwamba moto umeuwasha wewe. Hiyo si sababu. Ni woga tu.

Jioni mama yake alirudi kutoka kazini. Ni binti yangu wa kuzaa, muuguzi wa wodi ya watoto, mtu mwenye mikono laini na maneno makavu. Aliposikia, alikaa kando ya Siafu akamsugua miguu kwa mafuta, hakusema lolote baya. Maneno makavu aliyaweka mpaka kesho yake, akamkuta Fundi barabarani. Aliporudi aliniambia mwenyewe, bila kujivuna.

"Nimemwambia, Mama. Nimemwambia mwanangu anasoma mambo ambayo hata mimi sielewi, na yeye haelewi hata aliyoambiwa. Nimemuuliza, hata mkioana mtazungumza nini?"

"Mbele ya watu?"

"Walikuwepo wawili watatu."

"Naye akasemaje?"

"Akasema, 'Nisamehe, Mama.' Basi." Akavua kofia yake ya kazi akaikunja. "Usinitazame hivyo. Mimi simdharau. Nimelala macho wodini miaka ishirini ili huyu mtoto asome. Naogopa tu aolewe na mtu ambaye atamfanya apunguze sauti akiwa nyumbani kwake."

Nikaona kuwa alisema kwa upendo. Nikaisukuma sahani yangu kando.

Alhamisi Profesa anayemsimamia Siafu akampigia simu. Kulikuwa na chuo kingine, mbali, safari ya ndege mbili. Nao walikuwa na nyigu wa ukoo ule ule, wamefika kizazi cha kumi na mbili. Wangempokea aendelee nao, na akimaliza ya pili aunganishe shahada ya tatu hapo hapo. Miaka miwili. Jibu linatakiwa Jumatatu.

"Huoni?" mama yake akasema, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Mlango mmoja ukifungwa!"

"Ndiyo, Mama," Siafu akajibu. Lakini hakuchangamka. Akaenda dirishani akasimama. Dirisha hilo linatazama mtaa wa pili.

Ijumaa mchana walikuwa wote wawili nyumbani. Mama mtu anapiga pasi, Siafu anapanga nguo katika marundo mawili, za kwenda nazo na za kuacha. Nikaona rundo moja linakua. Nikasema, "Acheni kazi kidogo, nina neno."

"Unaumwa, Mama?"

"Ningekuwa naumwa ingekuwa afadhali. Siafu, Fundi alitaka kukuuliza. Mimi ndiye niliyemwambia asikuulize."

Nikawaeleza yote, kopo, brashi, kazi ya nusu si kazi. Sikupunguza. Nilipomaliza, pasi ilikuwa imesimama juu ya meza.

"Siku tatu, Bibi?" Siafu akasema.

"Siku tatu."

"Nimekulilia siku tatu. Umenifuta machozi kwa khanga yako, unajua!"

"Nilijua."

"Nimemtukana kwenye simu. Amenisikiliza mpaka mwisho, hakukata."

"Nina makosa, mjukuu wangu. Sina la kujitetea."

Akaingia chumbani kwake, mlango ukafungwa kwa kishindo. Nilistahili. Binti yangu alibaki ameshika ncha ya shati alilokuwa akilinyoosha.

"Alinyamaza?" akaniuliza polepole. "Mimi namsema mbele ya watu, na alikuwa anajua ni wewe, akanyamaza?"

"Alinyamaza."

Akachomoa pasi ukutani. Akakaa kitini kama mtu aliyetoka zamu mbili mfululizo.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Siafu alikuwa amevaa viatu, na mkononi ameshika vya kwangu. Akapiga magoti, akanivalisha, mmoja mmoja, na macho yake bado yana hasira. Nilimzaa aliyemzaa, lakini sijawahi kuona hasira inayofunga kamba za viatu vya mtu.

"Twende wapi?"

"Karakanani. Ulimwambia asiniulize. Sasa utakuja kusikia mimi nikimuuliza."

Fundi alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Alipotuona alisimama wima, kisha kabla ya jambo lolote akavuta kigoda, akakipangusa kwa shati lake, akaniketisha. Ndipo akamtazama Siafu, na Siafu akamtazama yeye. Nikajishughulisha na kutazama maranda sakafuni, lakini sikio nililiacha wazi, sitadanganya.

"Bibi amesema," Siafu akaanza.

"Aa, Bibi jamani," Fundi akanilalamikia. "Tulikuwa tumeshayamaliza."

"Mmeyamaliza na nani? Mimi mmeniuliza?"

"Brashi nilishika mimi. Mkono ni wangu, Siafu. Mtu mzima alinishauri kwa nia njema, nami ni fundi, najua dawa inafanya nini. Sasa nimseme Bibi wa nini?"

"Sikuulizi habari za Bibi. Nakuuliza wewe. Bibi akikwambia usiniulize, ndiyo usiniulize? Ulikuwa na wasiwasi, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi kwa nini?"

Akageuza randa mkononi, akalipuliza, ingawa halikuwa na kitu.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nang'ata?"

"Kila ukinieleza kazi yako, naitikia. Ukisema kizazi, naitikia. Ukisema vinasaba, naitikia. Nikifika nyumbani najiuliza, leo nimeitikia nini? Bibi aliponiambia nisikuulize, nilishukuru moyoni. Nilidhani nikiuliza utaona."

"Nitaona nini?"

"Lile alilokuja kusema mama yako juzi, kwamba hatuna la kuzungumza."

Siafu akageukia meza ya kazi. Niliona midomo yake inakaza, nikadhani atalia. Badala yake akachukua kipande cha mbao mezani akakiinua.

"Hii ni mbao gani?"

Fundi akamwambia.

"Na hii?"

Akamwambia.

"Mwaka mzima nakaa hapa unanieleza tofauti zake, nami naitikia. Mpaka leo kwangu mimi zote ni mbao."

Fundi akamkodolea macho. "Hata siku ile uliposhika ile nyekundu ukasema ina uzito wa heshima?"

"Nilikusikia wewe ukimwambia mteja."

"Siafu!"

"Nilitaka unione najua."

Hapo mimi nilicheka. Sikukusudia, kilitoka chenyewe, mpaka kigoda kikayumba. Fundi akanidaka bega, naye akaanza kucheka, na Siafu akacheka akilia, akachota maranda akamtupia kifuani. Mwaka mzima! Wawili wazima na akili zao, kila mmoja anamwitikia mwenzake asichokielewa, kwa kuogopa asipendwe.

Kicheko kilipokwisha, Siafu akajipangusa macho.

"Wamenipa nafasi," Siafu akasema. "Mbali. Wana nyigu kama wangu, nitaanzia kizazi cha kumi na mbili. Jumatatu natakiwa kujibu."

"Muda gani?"

"Miaka miwili."

"Ya kalenda, au ya wasomi?"

Akashusha pumzi. "Inaweza kufika mitatu. Sitaki kukudanganya."

"Afadhali umesema." Akaweka randa chini. "Nikikuomba usiende?"

"Nitakwenda. Nitalia njia nzima, lakini nitakwenda."

"Basi hilo sikuombi."

"Fundi, usianze! Usiitikie tu. Sema unachotaka, hata kama mimi sitakipenda."

Akapangusa mikono kwenye suruali, mmoja, kisha mwingine. Nilimwona anatafuta maneno kama anavyotafuta msumari ulioanguka kwenye maranda, kwa subira, bila kukanyaga ovyo.

"Nataka uende ukiwa wangu," akasema. "Sitaki kungoja kama anayengoja mvua, hajui itanyesha kwake au kwa jirani. Mama yangu ajue, mama yako ajue, akikataa akatae nikiwa mbele yake. Na kila wiki mbili uniandikie. Kizazi hiki wamekufa wangapi, wamebaki wangapi. Nisipoelewa nitauliza, na nitakuuliza mpaka uchoke."

"Sitachoka."

"Utachoka."

"Basi nitachoka, na nitakujibu nikiwa nimechoka."

Akamsogelea. Akanyoosha kidole akampangusa unga wa mbao kwenye nyusi, upande mmoja, kisha wa pili, akichukua muda wake kama vile unga huo ungehesabiwa chembe kwa chembe. Fundi alifumba macho. Nikageuza kigoda changu kikatazama ukutani. Mtu mzima lazima ajue wakati wa kuwa na shingo ngumu.

Nyuma yangu nikamsikia Fundi anasema, kwa sauti ya chini, "Sasa niulize?"

"Uliza."

"Hao nyigu. Unajuaje dume na jike, na ukubwa wenyewe huo?"

"Unataka kujua kweli?"

"Siafu, nimengoja mwaka."

Akaanza kumweleza. Tulifunga karakana, Fundi akanishika mkono wa kulia, Siafu wa kushoto, na maelezo yakapita juu ya kichwa changu njia nzima. Kila hatua kumi Fundi anasema, "Ngoja, hapo sijaelewa," na tunasimama, na mimi nashukuru, maana magoti yangu yalihitaji kusimama.

Mlangoni binti yangu alikuwa ametusubiri. Amevaa gauni la nyumbani, mikono ameikunja. Alimtazama Fundi, akautazama mkono wake uliobeba mkono wangu.

"Fundi," akasema, "juzi nilisema mengi barabarani."

"Nimesahau, Mama."

"Usinidanganye. Mimi sijasahau, na wewe huwezi kuwa umesahau." Akamtazama usoni. "Hukustahili maneno yale. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mama."

"Ingieni." Tukaingia. Lakini yeye hakuondoka mlangoni, na nilimjua, alikuwa hajamaliza. "Siafu kanitumia ujumbe kwamba una maneno na mimi. Nitakusikiliza. Ila lile swali nililokuuliza juzi bado liko pale pale, na nataka jibu, sitaki adabu. Anakwenda miaka miwili, mitatu. Akirudi atakuwa na shahada tatu, na wewe utakuwa na mbao zako. Mtazungumza nini?"

Siafu akafungua mdomo. Nikambana mkono.

Fundi alifikiri. Hakuharakisha.

"Sijui, Mama," akasema. "Kwa kweli sijui. Mimi leo nimemuuliza swali moja tu, nyigu dume anajulikanaje. Tumetoka karakanani, tumefika hapa, bado anajibu. Nilichoelewa mpaka sasa ni kwamba yule dume hana baba."

"Hana nini?"

"Baba. Yai likirutubishwa anazaliwa jike. Lisiporutubishwa anazaliwa dume. Ana mama tu, na babu. Nimemwambia hapo bado sijaelewa, babu ametoka wapi? Ndipo tukafika mlangoni."

Binti yangu ni muuguzi wa watoto, amezalisha na amelea wa kila aina. Alimtazama Fundi, akamtazama mwanawe, mikono ikafunguka yenyewe.

"Haiwezekani," akasema. "Babu bila baba?"

"Inawezekana, Mama," Siafu akasema. "Baba wa mama yake."

"Ngoja, ngoja. Usikimbie." Akavuta kiti, akakaa, akamwonyesha Fundi kile cha pili. "Kaa, Fundi. Huyu huwa anakimbia, lazima umsimamishe. Anza mwanzo. Jike anataga..."

Wakaanza mwanzo. Fundi akiuliza, mama mtu akikataa, Siafu katikati akichora kwa kidole juu ya meza, uso wake unang'aa kama ambavyo sikuuona tangu Jumanne. Hakupunguza sauti hata kidogo.

Nikainuka nikaenda kuweka maji ya chai mwenyewe, kwa sababu niliona hayo hayataisha leo.